Ukuta Uliokuwa Bado Mbichi

Baba yangu alikuwa anawapima watu kwa matundu yao ya hewa. Nyumba zote za kambi ya kampuni pale Kolwezi zilikuwa na matundu hayo, matofali yaliyotobolewa na kupangwa chini kidogo ya dari. Kila mwaka, baridi ya mwezi wa sita ilipoanza kuuma, watu waliyaziba kwa magunia, matambara na soksi. Baba alipita barabarani akiangalia juu. Akiona soksi, anabisha hodi. Kwa vile alifanya kazi katika idara ya nyumba, watu walidhani ametumwa na wakubwa. Hakuna aliyemtuma.

"Mama, munaziba matundu juu ya nini?"

"Baridi, tata."

"Baridi haina kitu. Mayi ya mu pumuzi yenu njo itaozesha huu ukuta."

Kisha alieleza, awe ameombwa au hajaombwa. Watu wakilala ndani wanapumua maji. Wakipika na kuanika nguo ndani, maji zaidi. Maji hayo yanatafuta njia ya kutoka, na yasipoipata yanalala ukutani, ukuta unaota ukungu mweusi, na ukungu unahamia kifuani. Maji mengine yanapanda kutoka ardhini, ndiyo maana wajenzi walilaza kati ya msingi na tofali la kwanza kipande cha mpira wa ule mkanda mrefu unaobeba mawe mgodini, na ndiyo maana kila nyumba ilipakwa lami nyeusi miguuni kabla ya mvua kuanza. Jua nalo lilikuwa na ubaya wake, lakini kufikia hapo mwenye nyumba alikuwa ameshakumbuka kwamba ana sufuria jikoni.

Kampuni ilikuwa na sheria moja ambayo watu wa kambi waliiheshimu kuliko sheria za nchi. Ukuta ukipigwa lipu mpya, hakuna anayehamia mpaka ukauke, na aliyeamua umekauka ni plastiki. Walichukua kipande cha plastiki, ukubwa wa karatasi ya daftari, wakakibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote. Kesho yake wakikuta matone kwa ndani, ukuta bado mbichi, na familia inasubiri. Nimeona watu wamekaa juu ya magodoro yao nje ya nyumba waliyopewa, na mvua inakuja, na mlango uko wazi, wanangoja plastiki. Hata wainjinia walingoja. Sikuwahi kusikia mtu akibishana nayo.

Kisha mgodi wa chini ya ardhi uliporomoka, na kampuni nayo ikaufuata, ila polepole zaidi. Kwanza ulikoma unga wa kila mwezi, halafu dawa za dispensari, halafu mshahara ukaanza kuchelewa kama mgeni asiyependa kuja. Lami ilikuwa ya mwisho. Mwaka ambao wapakaji hawakupita, baba alitembea kambi nzima akiangalia miguu ya nyumba zilizochubuka, akarudi na hakula.

Baada ya hapo tukaambiwa sisi ni wageni. Babu yangu aliletwa na kampuni kutoka mkoa wa Kasai ili achimbe shaba. Baba alizaliwa Kolwezi, na mimi vilevile. Kasai niliijua kwenye ramani ya darasani, ambako ilikuwa ya kijani. Sasa kwenye mikutano tuliitwa bilulu, yaani wadudu, na waliosema hivyo walikuwa na vipaza sauti. Baba alisikiliza, akasema mdudu anayeharibu nyumba ni mchwa tu, na yeye amekuwa akiwaua maisha yake yote. Hakuna aliyecheka. Wiki ile alizuiliwa langoni mwa kazi na watu aliowafundisha kazi yenyewe.

Mama alijifungua siku zizo hizo, kabla ya wakati wake. Alikuwa mtoto wa kiume, mdogo kiasi kwamba nilimshika kwa woga. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari na nilidhani sina woga. Mkunga alimgeuza huku na huku, akasikiliza kifua chake, akasema mtoto huyu anahitaji ziwa la mama na mahali pakavu, basi. Ziwa lilikuwepo.

Mahali pakavu ndipo palipokuwa na shida. Watu wetu waliofukuzwa walijaa kwenye uwanja wa stesheni na kwenye shule za karibu, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Treni hiyo haikuwa na siku wala saa. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza, na watu walilala chini ya shuka, mabati ya kuokota na miavuli. Kila siku tulisikia habari za mazishi kutoka kule, na mengi yalikuwa ya watoto wachanga. Kwa hiyo nyumbani kwetu palikuwa na swali moja tu: tutabaki chini ya paa letu mpaka treni ije, au tutatolewa kabla? Mama alimfunga mtoto kifuani na kuangalia mlango.

Kwenye barabara ya nyuma vijana walianza kurusha chupa za petroli ndani ya nyumba. Jioni moja baba alipanda juu ya meza akiwa na magunia mkononi, akayaziba matundu yetu yote yeye mwenyewe, akikandamiza kwa vidole gumba. Kisha akashuka na kunawa mikono. Hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli.

Nyumba ikafanya sawasawa na alivyohubiri. Tulijifungia ndani na mbabula, jiko letu la makaa, na nepi za mtoto zikining'inia kwenye kamba, na baada ya siku chache kuta zilikuwa zinatokwa jasho. Ukungu ulianza kwenye pembe ya chumba cha kulala, ukashuka. Mtoto akaanza kukoroma kifuani, sauti ndogo kama ya mlango usiopakwa mafuta. Baba alikaa kitandani akiangalia ukungu. Hakuwa na mtu wa kumbishia hodi.

Mwenye nyumba mpya alikuja mchana, akapiga hodi. Kwa hilo namsifu. Alikuwa dereva wa lori wa kampuni, mwenyeji, mtu wa mji wa Kasaji, si wa Kasai, na tulimfahamu kwa sababu mkewe aliimba kwaya na kukohoa kati ya ubeti na ubeti. Walipanga nyumba ya matofali mabichi huko mtaani, ambayo miguu yake iliyeyuka kila mvua. Vijana wa mtaa walikuwa wamemwambia kwamba nyumba yetu ni yake sasa. Alivaa koti la kanisani.

"Bonjour, tata. Bonjour, mama. Banasema hii nyumba iko yangu."

"Ingia," baba akasema. "Ikala."

Hakukaa. Alizunguka vyumba akisema pole kila akipita mbele ya mama. Alinyoosha mikono yake dirishani kupima pazia. Kwenye chumba cha kulala aliweka kiganja ukutani, akakiondoa haraka, akakitazama, akakifuta kwenye suruali.

"Tata, huu ukuta iko mayi!"

Nilimwona baba akiudhika. Aliudhika kama fundi, si kama mtu anayefukuzwa. Halafu nikaona uso wake unabadilika, na nikajua anawaza.

"Iko mayi sana," alisema. "Na bibi yako eko na kifua. Ukimuleta humu, hatafika Pasaka."

Yule bwana akatazama ukungu. "Sasa tunafanya namna gani?"

"Sawa vile kampuni inafanyaka. Tunatosha krepi yote ya chini, tunapaka ingine, tunangoya plastiki."

"Nani atapaka?"

"Mi."

"Na mutabakia humu?"

"Iko lazima muntu wa kufungua madirisha na kufunga, kufatana na jua na mvula. We uko na kazi."

Kweli alikuwa na kazi. Alifikiri kidogo huku akishika kola ya koti lake, akasema ni sawa, plastiki ni plastiki. Basi, mtu aliyekuja kututoa alikubali tubaki ili tumkarabatie nyumba. Alipoondoka alimshukuru baba.

Mama alingoja mlango ufungwe. "We unatengenezea mwizi nyumba!"

"Ninatengenezea mutoto," baba akajibu, akaenda kutafuta patasi.

Alibomoa krepi, yaani lipu ya zamani, mpaka kiunoni, akakuta mpira wa mgodini bado umelala mahali pake, mzima, akanionyesha kwa furaha ambayo niliiona haina haya. Alikuwa na saruji kidogo iliyobaki stoo. Alichekecha mchanga kwa chandarua. Muhimu zaidi, aliyafungua matundu yote, na vijana walipouliza aliwajibu kwamba lipu mpya inataka hewa, wasimsumbue. Hawakumsumbua. Walikuwa watoto wa kambi, nao walikuwa wamewahi kukaa juu ya magodoro wakingoja plastiki. Mwezi ule watu walichoma nyumba za wenzao, lakini ukuta unaokaushwa waliuzunguka kwa adabu.

Tatizo ni kwamba baba hakuwa na uwezo wa kufanya kazi mbaya. Nilimwambia aweke mchanganyiko mbovu, unaolia maji. Akanitazama kana kwamba nimetukana kanisani. Alipiga lipu ngumu, iliyonyooka, hewa ikapita juu, jua likachoma kati ya mvua na mvua, na baada ya muda mfupi ukuta ulikuwa unaelekea kukauka kwa namna ambayo kampuni ingejivunia. Nyumba ilitakiwa iwe kavu kwa ajili ya mtoto na mbichi kwa ajili ya yule dereva, na haikuwa na akili ya kufanya yote mawili.

Kwa hiyo plastiki ilibandikwa sebuleni, mbali na chumba cha mtoto. Kila alfajiri baba aliinua pembe moja ya utepe, akapitisha kitambaa chenye maji, akaibandika tena kwa kiganja. Jua lilipotoka matone yalikuwa yamejipanga kwa ndani. Alifanya hivyo bila kututazama. Nadhani kumdanganya mtu hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kuidanganya plastiki.

Yule bwana alipita kila asubuhi, lori likiunguruma nje. Aliinama mbele ya plastiki, mikono mgongoni.

"Bado," anasema.

"Bado, tata."

"Mvula iko mingi."

"Iko mingi sana."

Anakwenda. Siku moja alibakia mlangoni akauliza aweke wapi fotei zake mpya, makochi ya rangi ya mvinyo. Mama alizijua hizo fotei. Zilikuwa za rafiki yake ambaye sasa alilala stesheni chini ya shuka. Baba alijibu asizisukume kwenye ukuta wa nje, aache nafasi ya kiganja ili hewa ipite. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, akarudia maneno hayo kwa sauti ndogo ili asiyasahau. Mama aliondoka chumbani.

Nami nilimchukia. Nilichukia koti lake, na pole zake, na jinsi alivyopangusa viatu kabla ya kuingia katika nyumba aliyokuwa anaiiba. Wale wa chupa za petroli niliwaelewa zaidi, maana wao hawakupangusa viatu.

Lakini kifua cha mtoto kilinyamaza. Ile sauti ya mlango ilipungua, ikaja usiku tu, kisha ikapotea. Mashavu yalianza kuonekana. Mama alikuwa akimlaza karibu na ukuta wa baba, chini ya tundu la hewa, na kumtazama akipumua, na mara nyingine nilimkuta akitabasamu peke yake kwa hasira.

Asubuhi moja habari zilienea kwamba treni imeonekana stesheni ya Tenke, njiani kuja kwetu. Baba akaamka kabla ya jua, akakimbilia stesheni kuuliza. Mama alidhani amelowesha plastiki kabla ya kuondoka. Nami nilidhani hivyo hivyo. Tulipogundua, lori lilikuwa tayari limesimama nje.

Hakuja peke yake. Alifuatana na kijana aliyeongoza wenzake wa barabara yetu, mwenye kipande cha bomba mkononi, ambaye alisema akiwa bado mlangoni kwamba kungoja kumetosha.

"Leo batoke. Bantu wengine bako ku gare, hawa bafalme?"

Nilitazama plastiki. Ilikuwa safi kabisa. Nyuma yake lipu ilionekana ya kijivu, kavu, kila punje ya mchanga mahali pake. Mama alikuja na mtoto, akaiona, akasimama. Nje mvua ilikuwa inanyesha ile ya kweli, ya kupiga mabati mpaka watu wapaze sauti. Niliwaza njia ya kwenda hiyo gare, stesheni yetu, na uwanja wake, na shuka letu, na mtoto yule. Sikuwa na wazo jingine lolote.

Yule bwana akainama kama kawaida, mikono mgongoni. Aliinama muda mrefu. Kisha akainua pembe ya utepe, ileile aliyozoea kuinua baba, akalaza kiganja chake chote ukutani. Ukuta ulikuwa mkavu kama unga wa bukari, ule wa ugali. Alikiacha kiganja pale, akakiondoa, akakitazama. Halafu akakifuta kwenye suruali, upande wa ndani na upande wa nje, taratibu, jinsi afanyavyo mtu aliyeshika maji.

"Haiyakauka," akasema. "Iko mayi."

"Tangu ile siku?" kijana akauliza.

"Mvula. Si unasikia? Bibi yangu eko na kifua. Mi sitaki kumuzika juu ya haraka yako."

Kijana akatazama ule mkono, akatazama suruali. Mimi nilingoja aende aguse mwenyewe. Hakugusa. Mtu mzima ameshika ukuta na amefuta mkono, sasa ahakikishe nini? Akagonga bomba kwenye kiatu chake, akatangulia kutoka.

Yule bwana alirudishia pembe ya utepe na kuikandamiza. Hakututazama.

"Mama, utaambia tata: huku ku pembe inaachana. Abandike muzuri."

Lori likaondoka. Mama akakaa chini sakafuni na mtoto, akalia kwa sauti, na mimi nikalia pia, na mtoto alilala tu.

Baba aliporudi, amelowa, bila treni, mama alimweleza. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaenda akaweka kiganja mahali palepale. Alfajiri iliyofuata nilimkuta na kitambaa chake, analowesha kama siku zote. Nikamuuliza ni ya nini tena, wakati yule anajua.

"Anakuyaka kuangalia mayi," baba akasema. "Atakuta mayi."

Na alikuja, akaangalia maji, akasema bado. Baba akajibu bado, tata. Hawakuongea zaidi ya hapo, siku ile wala zilizofuata. Mimi ningetaka waongee. Ningetaka aombe msamaha, au baba amshukuru, au apigwe. Badala yake walizungumza kuhusu mvua.

Treni ilipofika kweli, alikuja na mkewe, godoro na zile fotei juu ya lori. Baba alibandua plastiki, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Sasa imekauka."

Yule bwana akaweka kiganja. "Ndiyo. Leo imekauka."

Baba akampa ufunguo. Akamwonyesha kopo la lami lililobaki, la kupaka miguuni mwa nyumba kabla ya mvua za mwaka unaofuata, na akamwambia asizibe matundu hata baridi ifanye nini. Mke wake alipitisha mkono kwenye lipu, akakohoa, akamshukuru baba kwa kazi nzuri. Alishukuru kwa moyo mweupe kabisa. Hakuwa amejua lolote, na mumewe aliangalia dari.

Behewa letu lilikuwa la mizigo, la chuma kitupu, na watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Treni ilipoanza kwenda, vijana kando ya reli walirusha mawe, na wenzetu wakaufunga mlango, wakaziba nyufa kwa vitenge. Haikupita muda chuma kikaanza kutoa jasho. Matone yalishuka mbele ya uso wangu. Niligusa ukuta, nikafuta mkono kwenye sketi, na nikabaki nautazama mkono wangu.

Mama aliingiza kiganja chini ya nguo za mtoto, akapapasa kifua, akapapasa mgongo. Alikuwa mkavu. Alikuwa anapumua bila sauti yoyote. Kwenye kona ya behewa kulikuwa na mwanamke ambaye alifika stesheni na mtoto wa umri ule ule, na sasa alikuwa ameshika kitenge tu. Mama alimtazama, akamfunika wetu, akampepea kwa upindo wa kitenge mpaka tulipoipita stesheni ya Mutoshi.

"Mungu amubariki ule mwizi," akasema.

Baba akaitikia amina, kisha akainua kichwa, akaanza kutafuta matundu.